Nalala kwake, lakini mama yake akipiga simu nahamia jikoni

*"Shikamoo Mama. Mimi ni Mtanzania, nina miaka 26, nasoma shahada ya pili Nanjing. Nina mwaka na miezi saba na kijana wa Kichina, miaka 28, mhandisi, kwao ni kijijini jimbo la Jiangxi. Ana dada mmoja mkubwa. Wikendi zote niko kwake, na sasa anataka nihamie kabisa. Marafiki zake wananijua. Ila mama yake akipiga simu ya video WeChat, ananipungia mkono niondoke, nahamia jikoni mpaka wamalize. Mwezi uliopita aliniuliza kama yeye ndiye wa kwanza kwangu. Nilipomwambia hapana, alinuna siku mbili, wakati yeye mwenyewe alishakuwa na wasichana wawili kabla yangu. Kondomu hapendi, kwa hiyo tangu Februari nimemeza vidonge vya dharura mara tano. Wenzangu wa hosteli wanasema vijana wa Kichina siku hizi hawana maadili, wanachezea tu watu. Mwalimu wangu wa Kichina anasema Mchina ni mtu wa heshima, hayo mambo ni mpaka ndoa. Nani mkweli? Na tukifikisha miaka miwili tukiishi pamoja, sheria ya huku itanitambua kama mke?"*

Marahaba, binti yangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuumiza upesi. Jibu ni hapana. Wewe umekulia kwenye nchi ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inaruhusu mahakama kudhania kuwa mwanamume na mwanamke wameoana ikiwa wamekaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawaona kama mume na mke. Najua hiyo miaka miwili umeitoa huko. China haina dhana hiyo. Walioanza kuishi pamoja bila kujiandikisha tangu tarehe 1 Februari 1994 hawahesabiwi kuwa na ndoa, hata wakimaliza miaka kumi. Mtoto akizaliwa analindwa, kwa kuwa sheria inampa mtoto wa nje ya ndoa haki sawa na wa ndani ya ndoa. Wewe mama yake hupati hadhi ya mke kwa kuzaa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Mgeni akitoka hosteli kwenda kukaa nyumba ya mtu, anatakiwa kujiandikisha kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24. Kwa hiyo ukihamia kwake, jina lako litajulikana polisi kabla halijajulikana kwa mama mkwe. Kaa na hilo kidogo.

Sasa, nani mkweli kati ya wenzako na mwalimu wako? Kila mmoja ameshika kipande kimoja na kukiita nguo nzima.

Mwalimu wako, kama ni mtu wa makamo, anakusimulia ujana wake. Sheria ya jinai ya China ya mwaka 1979 ilikuwa na kosa lililoitwa uhuni, neno pana kama turubai. Mapenzi ya nje ya ndoa, mapenzi ya jinsia moja, hata dansi za faraghani zenye taa hafifu, vyote viliweza kuingizwa humo, na katika msako mkubwa wa mwaka 1983 wapo waliopoteza uhai kwa kosa hilo. Ukitaka kuoa ulihitaji barua ya danwei, yaani mahali pako pa kazi, na danwei hiyohiyo ndiyo iliyokupa nyumba, tiketi za chakula na cheo. Bosi wako alikuwa pia mshenga, hakimu na mwenye nyumba. Mwanasosholojia Li Yinhe alipofanya utafiti Beijing mwaka 1989, alikuta kiasi cha watu 15 tu katika 100 wamekiri kufanya ngono kabla ya ndoa, na wengi wao ni na yule waliyekuwa wakijiandaa kumwoa. Kukiri na kutenda ni vitu viwili, lakini hata huko kuogopa kukiri kunasema kitu.

Kisha kamba zikalegezwa moja baada ya nyingine. Kosa la uhuni lilifutwa kwenye sheria mwaka 1997. Mwaka 2003 barua ya mwajiri na upimaji wa afya wa lazima kabla ya ndoa vikaondolewa. Mwaka 2005 wanafunzi wa vyuo vikuu waliacha kuzuiwa kuoana. Nilikuwa Beijing katika miaka hiyo, na nakumbuka ayi wa mlangoni kwenye bweni letu, shangazi mwenye daftari, aliyeandika jina la kila mgeni wa kiume na saa ya kuingia. Tulipomaliza masomo daftari lilikuwa bado lipo, ila hakuna tena aliyelisoma.

Lakini sheria peke yake haielezi mambo yalivyobadilika. Kuna kitu ambacho serikali ilikifanya bila kukusudia. Tangu mwaka 1980 ilipoanza kuwataka watu wazae mtoto mmoja, iligawa njia za uzazi wa mpango bure na kuwawekea kina mama kitanzi mara tu baada ya kujifungua. Sasa jiulize: mume na mke wenye miaka 26, wameshazaa mtoto wao wa kwanza na wa mwisho, wana miaka 30 na zaidi mbele yao. Kitanda ni cha nini tena? Kilichobaki ni raha na ukaribu wa watu wawili. Pan Suiming wa Chuo Kikuu cha Renmin, aliyeongoza tafiti za taifa zima kuhusu ngono mwaka 2000, 2006, 2010 na 2015, anaihesabu sera hiyo miongoni mwa mizizi ya mageuzi ya ngono nchini mwake. Serikali iliyohubiri usafi wa maadili ndiyo iliyokata kamba kati ya ngono na uzazi, na watoto waliozaliwa chini ya sera hiyo wakakua wakiiona imekatika. Mpenzi wako ni mmoja wao. Umesema ana dada mkubwa: mikoa mingi iliruhusu familia za vijijini zilizoanza na binti kujaribu mara ya pili. Huenda yeye ndiye hiyo mara ya pili. Shika hilo, tutalirudia.

Kwa hiyo wenzako wa hosteli wako sahihi kwa nusu. Kwa vijana wengi wa mijini wenye elimu, kulala na mpenzi kabla ya ndoa si habari tena. Wanapokosea ni pale wanaposema hakuna maadili. Maadili yapo, makali kweli, ila yamehama chumba cha kulala yakaenda sebuleni, kwenye jambo la nani anaingia kwenye ukoo.

Danwei iliacha kugawa nyumba mwaka 1998. Tangu hapo kijana anayetaka kuoa anatarajiwa awe na nyumba ya kununua, na bei za nyumba mijini zinajulikana. Nani analipa? Wazazi, na mara nyingi akiba ya babu na bibi inaingia humohumo. Juu yake kuna caili, mali anayotoa upande wa mwanamume. Inafanana na mahari yetu ila kwa kawaida inapelekwa kwa wazazi wa msichana, na Jiangxi ni jimbo linalosifika kwa ukubwa wake. Kisha kuna kitabu cha hukou, daftari la familia lililotakiwa wakati wa kuandikisha ndoa, ambalo kwa desturi linakaa kabatini kwa mama. Kuna wazazi walioficha kitabu hicho ili ndoa wasiyoitaka isifungwe. Ni tarehe 10 Mei 2025 tu ndipo kanuni mpya zilipoondoa sharti hilo. Bosi aliondoka mlangoni, mama akachukua kiti chake. Ukifika Shanghai siku ya wikendi, nenda Bustani ya Watu ukajionee: wazazi wamefungua miavuli chini, juu yake wamebandika karatasi zenye umri, urefu, mshahara na nyumba ya mtoto wao, wanatafutiana wakwe. Watoto wenyewe wengi hawapo, na wengine hawajui kama wametangazwa.

Matokeo yake vijana wengi, hasa wasichana, wanakaa mbali na ndoa yenyewe. Mwaka 2013 China iliandikisha ndoa milioni 13.47. Mwaka 2024 zilikuwa milioni 6.1. Idadi ya vijana imepungua, hilo ni kweli, lakini halitoshi kueleza mporomoko huo. Mapenzi wanayo. Wanachokikwepa ni ule mzigo unaokuja na sherehe.

Hata vijana wanaopenda watu wa jinsia yao wamekutana na ukuta huohuo. Hawashtakiwi tena tangu 1997, na mwaka 2001 wataalamu wa afya ya akili wa China waliacha kuuita mwelekeo huo ugonjwa, lakini wapo wanaofunga ndoa ya maonyesho, shoga na msagaji, ili wazazi wote wanne walale usingizi.

Turudi jikoni kwako.

Kijana anayekuficha kwa mama yake si lazima awe anakuonea haya. Kwa familia nyingi za Kichina, mzazi hasimuliwi habari za mpenzi hadi mambo yameiva, na kumpeleka msichana nyumbani wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina ni karibu sawa na kwetu kupeleka barua ya posa. Ukionekana kwenye simu ya video leo, kesho mama anaanza kuuliza tarehe, nyumba na wajukuu, na keshokutwa shangazi wote wanajua. Kumkinga mama na habari ambazo hazijaiva ni adabu kwao. Hilo ni kweli, nami nisingekuwa mkweli kama nisingelisema kwa niaba yake.

Ila mwaka na miezi saba ni muda. Angalau Mwaka Mpya mmoja umeshapita. Na kuna jambo zito ambalo hukuliandika, labda kwa kuwa linauma: wewe ni Mwafrika mweusi, na mama yake ni mama wa kijijini ambaye huenda alingoja mtoto wa kiume kwa mimba mbili. Ubaguzi upo, na hapo ulipo una historia. Desemba 1988, katika Chuo Kikuu cha Hehai hapohapo Nanjing, ugomvi ulianza getini usiku wa kuamkia Krismasi kwa sababu wanafunzi Waafrika walifika kwenye sherehe na wasichana wa Kichina. Ukageuka maandamano ya siku kadhaa dhidi ya Waafrika. Siku hizi mlinzi wa geti hashughuliki na nani amemshika nani mkono. Mama kijijini anaweza kushughulika sana. Mpenzi wako anamjua mama yake, na inawezekana hilo jikoni limekuwa njia yake ya kuahirisha vita ambayo hana hakika kama ataipigana. Simjui, siwezi kumhukumu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kwenye mazingira ya sasa ya China, kulala kwake hakukupi ahadi, na kukuficha hakuthibitishi dharau. Vipimo hivyo viwili viweke pembeni, havipimi kitu. Kinachopima ni kama ana mpango wenye tarehe.

Kuhusu kukuuliza kama ni wa kwanza. Hapa sina upole mwingi. Umesema alishakuwa na wasichana wawili, kwa hiyo hatafuti mtu asiyejua mambo, anatafuta mizani yenye mkono mmoja. Wachina wenyewe wana jina la maradhi haya, wanayaita ugonjwa wa kupenda bikira, na wasichana wao wanayajadili mtandaoni kwa hasira kuliko mimi. Kimwili hakuna kitu cha kupima. Kizinda ni utando mwepesi wenye maumbo tofauti tangu kuzaliwa, wapo wasiotoka damu kabisa mara ya kwanza, na Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali kwa sababu hauna msingi wa kisayansi. Sisi wa Pwani tusijifanye watakatifu, kisarawanda, kile kitambaa cheupe cha usiku wa harusi, kilitandikwa kwetu pia na watu wakasubiri mlangoni. Wewe hukumwibia mtu kitu, basi usiombe radhi.

Pengine pia hajui anachouliza, na hili nalisema kwa kumhurumia. Wewe kama ulipata somo au kungwi, ulifundishwa mwili wako na mtu mzima aliyekukalisha chini. Zamani mama wa Kichina naye alimwekea binti yake picha za kitandani chini ya sanduku la mali za harusi, azione usiku ule. Mambo hayo yalikufa na hayakupata mrithi. Kizazi chake, mtoto akiuliza alitoka wapi, alijibiwa kwamba aliokotwa jalalani, kama wetu wanavyoambiwa walinunuliwa hospitali. Shuleni mpenzi wa sekondari aliitwa penzi la kabla ya wakati na mzazi akaitwa ofisini. Mwaka 2017 kitabu cha watoto cha elimu ya jinsia kilichoandaliwa na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing kiliondolewa kwenye shule moja ya Hangzhou baada ya mama mmoja kulalamika kuwa michoro yake imezidi. Sheria ya kulinda watoto iliyoanza kutumika Juni 2021 ndiyo ya kwanza kuitaja elimu ya jinsia kwa jina lake. Yeye wakati huo alishakuwa mtu mzima. Aliyemfundisha ni simu, na simu haifundishi kondomu.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu mkubwa kuliko mama mkwe. Vidonge vya dharura mara tano tangu Februari si njia ya uzazi wa mpango. Usiogope uvumi wa hostelini, havikuharibu kizazi wala havikutoa mimba yoyote. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, ndiyo maana vinatakiwa kumezwa mapema, ndani ya saa 72, na ndiyo maana havisaidii kama yai limeshatoka. Kila unapovitegemea unacheza bahati nasibu mbaya kuliko ya vidonge vya kila siku, na mzunguko wako unavurugika hata usijue kama umechelewa kwa mimba au kwa dawa. Madukani China vinauzwa bila cheti cha daktari, ni rahisi mno kuvipata, na vijana wengi wameishia kuvifanya desturi. Takwimu rasmi za nchi hiyo zimewahi kuonyesha zaidi ya mimba milioni tisa zikitolewa kwa mwaka mmoja. Sehemu ya hizo ni za watu waliosema kondomu hawaipendi.

Vidonge havizuii VVU wala kaswende, na mtu mwenye wapenzi wawili wa nyuma, kama wewe mwenye wa nyuma, hajui alichobeba hadi apime. Pimeni wote wawili. Vituo vya kudhibiti magonjwa vya wilaya hutoa ushauri na kipimo cha VVU kwa hiari bila malipo, na baadhi ya vyuo vina mashine za kuuza vipimo vya kujipima. Ikitokea umeingia hatarini, dawa za PEP, zile za kuzuia VVU visishike mwilini, nazo zina saa 72 zake. Kisha nenda hospitali ya umma, idara ya magonjwa ya wanawake, uulize kuhusu vidonge vya kila siku au kitanzi. Jiandae kuulizwa "umeolewa?" kabla ya kuulizwa unaumwa nini. Unaweza kukutana na daktari anayeona kitanzi ni cha mwanamke aliyekwisha kuzaa. Mawazo hayo yamepitwa na wakati kitaalamu, na una haki ya kuomba daktari mwingine. Mpaka hapo, kondomu kila mara. Asiyeipenda alale peke yake.

Kuhamia kwake au kutohamia? Naona mambo matatu yanawezekana. Unaweza kuendelea na wikendi zako, ukimpenda kwa leo bila kumhesabia kesho, na hilo si dhambi ya kijamii huko uliko, maadamu wewe mwenyewe unaliweza. Nikikusoma, sidhani kama unaliweza, mtu asiyejali haulizi habari za miaka miwili ya sheria. Unaweza kuondoka, ambako kutauma na kutakuharibia muhula mmoja. Au unaweza kubaki hosteli na kumuuliza swali moja, kwa Kichina, mchana, mkiwa mmevaa nguo: mama yako atanijua lini? Usimuulize kama anakupenda, hilo atajibu ndiyo na atakuwa hasemi uongo. Akisema Mwaka Mpya ujao, au baada ya kumwambia dada yake kwanza, umepata mtu mwenye mpango, na kuanza na dada ni akili nzuri sana katika familia ya namna hiyo. Akisema "tuone," basi ameshajibu. Mimi ningekaa hosteli kwa sasa, kwa sababu chumba cha hosteli ni chako na hakuna anayekutoa humo akipigiwa simu.

Kuna mambo ambayo barua kama hii haiwezi kuyabeba. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, au ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au damu isiyokata, usinisubiri mimi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Akianza kukushurutisha, kukuchunguza simu, kukuzuia kutoka au kukupiga, sheria ya China dhidi ya ukatili wa nyumbani, inayotumika tangu tarehe 1 Machi 2016, inawalinda pia wanaoishi pamoja bila ndoa. Polisi ni 110, na shirikisho la wanawake lina simu ya 12338. Chuo chako pia kina mshauri wa wanafunzi wa kigeni. Na kama usingizi umepotea au unalia bila kujua sababu, tafuta mtu wa kuzungumza naye uso kwa uso, hata kama ni dada mmoja tu wa Kitanzania aliyekutangulia hapo Nanjing.

Vipimo na daktari viwe wiki hii. Swali la mama yake linaweza kungoja mpaka Jumamosi.